Kiti cha Kando ya Dereva

Mume wangu hakuwahi kupanga kitu maishani mwake mpaka siku patroni wake, mwenye lori, alipomwambia apeleke maharagi Kisangani. Alikuwa dereva wa barabara ya Uvira, na ile aliijua kama njia ya chooni. Kisangani ilikuwa mkoa mwingine, ng'ambo ya msitu, na yeye, mtu wa Bagira, hapa Bukavu, hata Walikale hakuwahi kufika. Basi Jumapili baada ya misa akaondoa vikombe mezani, akaniita.

"Maman, ikala hapa. Weye njo ulipita mu ile njia."

Ni kweli nilipita. Mimi ni mtoto wa Kisangani. Nilikuja Bukavu nikiwa msichana, juu ya magunia ya mchele, kulea watoto wa kaka yangu aliyekuwa na kazi ya ofisi. Kaka ndiye aliyenioza, akapokea mahari kwa niaba ya ukoo. Mama yangu, aliyebaki kule, hakuwa amemwona mkwe wala mjukuu hata mmoja. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda, na kila mwaka kulikuwa na mimba au homa ya mtoto. Bukavu ni baridi, ingawa wenyewe hawakubali, na kila asubuhi nilipovaa sweta nilimkumbuka mama nikakasirika upya.

Njia niliikumbuka yote. Juu ya yale magunia sikuwa na kazi nyingine ila kuitia kichwani, ili siku moja niweze kuirudia. Mume wangu akachota maharagi kwenye ungo wangu, akatoa na njiti za kibiriti. Njiti zikawa madaraja, maharagi yakawa vijiji. Nilimwambia yale ni ya kupika, hakusikia.

Nikamweleza. Kwenye daraja la Hombo abiria wote hushuka na kuvuka kwa miguu, gari linafuata polepole. Mbele ya Walikale kuna mlima wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, usijaribu kupanda, lala chini yake mpaka jua likaushe. Mazuti, yaani dizeli, usitegemee kuipata njiani, beba mapipa yako. Yeye aliuliza, mimi nilijibu, na nilivyoendelea kujibu ndivyo moyo ulivyozidi kutangulia. Nilisikia hata harufu ya samaki wa mtoni wakiiva ndani ya majani.

Akaniona. Hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini aliniona.

"Kiti ya kando yangu iko yako," akasema. "Utaenda kuona maman yako. Batoto batabakia na maman yangu."

Kesho yake nilikwenda misioni, padri akanipitishia ujumbe kwa redio, ule mtambo tuliouita phonie: mama aambiwe nakuja na lori la mume wangu. Nikasuka nywele. Nikanunua kitenge.

Jumapili iliyofuata, pale pale mezani, tukafika kwenye vizuizi vya barabarani. Nikamsimulia nikicheka jinsi askari walivyotuzuia karibu na Lubutu nilipokuwa nakuja Bukavu mpaka tukakata tamaa, kisha askari mmoja aliyekuwa anakwenda likizo akaingia kabini, na tangu hapo kila kizuizi kikafunguka hata kabla hatujasimama. Mume wangu akabaki na haragi mkononi.

"Askari ndani ya kabini," akasema taratibu.

Kabini ya lori lake ilikuwa na viti viwili, chake na changu. Ningenyamaza tu. Lakini nani atanyamaza anaposimulia njia ya kwao?

Patroni alipoambiwa alifurahi sana, na askari wa kwenda Kisangani hakukosekana.

"Nilikuya juu ya magunia," nikamwambia mume wangu, "nitarudia juu ya magunia."

"Patroni anakatala batu juu ya bashi, ile turubai ya kufunika magunia. Ikipasuka, maharagi itakunywa maji, itaota."

Nilichukia maharagi mwaka mzima, na Bukavu ukichukia maharagi utalala njaa. Nilirudi misioni kutuma ujumbe mwingine, lakini wiki ile phonie ilikuwa inakoroma tu. Wakaondoka. Askari alikuwa kijana mwenye adabu, akaniita maman, akapakata magotini kapu la viazi nililompelekea mama, na mimi nikashindwa hata kumchukia.

Mume wangu alirudi amekonda, nguo zake zinanuka mawese. Akaanza na madaraja, yote jinsi nilivyosema. Nikamkatiza, nikamuuliza habari za mama.

Akavua viatu kwanza.

"Askari alishukia mu ville, katikati ya muji," akasema. "Nilifika kwenu peke yangu. Maman akasikia lori, akatoka, amevaa vizuri. Hakunisalimia. Alizunguka mbele ya lori, akafungua mulango ya upande ile ingine."

Nikavisogeza viatu vyake kando.

"Nikamwambia: maman, hakuweza. Akaangalia kiti. Akaniuliza: njo hapa angeikala? Nikasema ndiyo. Akanipa mukono nimupandishe."

"Akafanya nini?"

"Hakuna. Aliikala tu. Mikono juu ya magoti, anaangalia mbele. Nyuma ya pale akaniomba nifunge mulango."

"Na lori ilikuwa inanguruma?"

"Hapana. Nilikuwa nimezima."

Nilimpa chakula. Alipokuwa anakula nilitoka nje, maana lori lilikuwa bado mbele ya nyumba, kesho yake ndipo angelirudisha kwa patroni. Nikafungua mlango wa upande ule, nikapanda, nikaufunga. Kiti kilikuwa kimebonyea katikati. Nilikaa pale nikiangalia barabara mpaka mtoto akalia ndani, nikashuka.