Kiti cha Shemeji na Jino la Mama

Harufu ya ngozi mbichi ikishakuingia vizuri haitoki. Inakaa nyuma ya ulimi. Ninaandika haya karibu mwaka mzima baadaye, polepole kama ninavyoandika kila kitu, na bado nikilikumbuka gari la shemeji inanibidi niweke kalamu chini nimeze mate.

Shemeji amemwoa dada yangu mkubwa. Anafanya kazi mjini Nakuru kwa mnunuzi wa ngozi, mtu anayezunguka kwenye mashamba ya Wazungu na machinjioni akikusanya ngozi za ng'ombe na kondoo. Mnunuzi huyo alinunua gari dogo la milango miwili kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akihama. Akang'oa zulia la nyuma, na tangu siku hiyo kiti cha nyuma kikawa kinapakiwa ngozi zilizotiwa chumvi, zimekunjwa zikiwa bado na mafuta na vipande vya nyama. Dereva ndiye shemeji. Hakuwa na gari lingine maishani mwake, wala hilo halikuwa lake, lakini alilipenda kama lake.

Kilichompendeza zaidi ni kiti cha dereva. Kwa kuwa gari halikuwa na milango ya nyuma, mtu wa nyuma aliingilia mlango wa mbele. Chini ya kiti, upande wa mlango, kulikuwa na mkono mdogo wa chuma. Ukiuvuta, mgongo wa kiti ulijikunja, kisha kiti chote kiliinuka kwa nyuma kikasimama kwa miguu yake ya mbele, kikaacha mwanya wa kupita. Shemeji alipokuja kwetu aliwaonyesha watoto wa shamba. Alivuta, kiti kikainama. Alikirudisha, kikalia ta. Alisema Mzungu amefikiria sana, hata kiti kinakupisha kwa heshima. Alitema mate kabla ya kusema na baada ya kusema. Kiti cha kushoto kilikuwa hakiinuki tena, kwa sababu maji ya chumvi yalikuwa yamekula vyuma vyake. Hicho hakumwonyesha mtu.

Tunakaa kwenye shamba la ngano na ng'ombe wa maziwa, upande wa Njoro. Baba yuko kwenye kiwanda cha mbao Elburgon na huja mwisho wa mwezi. Nyumbani nilikuwa mimi na mama, na mimi si mtu wa maneno. Nilimaliza shule ya msingi bila kuinua mkono darasani hata siku moja.

Jino la mama lilianza kidogo. Akalikandamiza chumvi, akalitafunia majani, likatulia, likaanza tena. Halafu shavu likavimba, na uvimbe ukashuka chini ya taya ukawa mgumu na wa kung'aa. Pumzi yake ilinuka kama panya aliyefia ghalani. Nampenda mama yangu, lakini alipogeuka kunisemesha nilibana pua kwa ndani na kuitikia kwa kichwa. Msimu uliotangulia, mke wa mkamuaji mmoja hapo hapo shambani alivimba vivyo hivyo, uvimbe ukashuka shingoni, akazikwa. Kwa hiyo asubuhi mama alipojaribu kumeza uji ukamtokea puani, tulitazamana tukajua.

Lori la maziwa lilikuwa limeondoka alfajiri kwenda mjini. Basi halikuwa likipita siku ile, na kutembea barabarani ovyo wakati ule wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali kulimfaa tu mtu aliyetaka kulala kituo cha polisi. Ndipo shemeji akatokea. Alikuwa amekuja kuchukua ngozi ya ndama aliyekufa usiku. Nilimweleza, kwa maneno machache, naye akasema ngozi itangoja, tutampeleka mama hospitali ya mjini.

Sasa, kwetu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na mmoja hainami mbele ya mwenzake. Wakiwa na jambo la kuambiana, hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wamesimama mahali pamoja. Mtu wa tatu siku hiyo nilikuwa mimi.

"Mwambie mama gari liko tayari," shemeji alisema, akitazama paa la nyumba yetu.

"Gari liko tayari," nikamwambia mama.

"Nimesikia. Muulize nitakaa wapi."

Mbele haikuwezekana. Angekaa bega kwa bega na mkwe wake. Ilibaki nyuma, na njia ya kwenda nyuma ilikuwa moja tu, ule mwanya ulio nyuma ya kiti cha dereva, ambao mtu hakuupita ila akiwa amejikunja, makalio yakielekea usukani. Mama aliutazama mwanya ule.

"Mwambie aende mbali," alisema.

Shemeji hakungoja nimwambie. Alikwenda nyuma ya ghala la mahindi.

Nikavuta ule mkono wa chuma mwenyewe. Mgongo wa kiti ulijikunja, lakini kiti hakikuinuka. Nikapiga magoti kuangalia. Kulikuwa na kulabu mbili zilizokishika kiti sakafuni, nazo zilikuwa zimezama kwenye uji wa mafuta ya ngozi, nywele za ng'ombe na chumvi, umeganda kama nta. Ndani ya uji huo mlikuwa na funza, weupe, wanene, wanashughulika. Nilileta kisu cha jikoni nikaanza kukwangua. Kilichotoka kilining'inia kwenye kisu kama kamasi. Funza mmoja aliingia ndani ya mkono wa shati langu, nikamsikia akitembea mpaka kwenye kiwiko. Nilikaza meno nikaendelea kukwangua. Kulabu moja ilifunguka kabisa. Ya pili ilifunguka nusunusu, na kwa kuwa mama alikuwa ameanza kulia kwa sauti ya chini, niliiacha hivyo nikakiinua kiti kwa nguvu.

Majirani wawili walishika blanketi likawa pazia mlangoni, ingawa hakukuwa na mwanamume wa kumwona ila mimi. Mmoja wao akamwambia mama kwamba hata ng'ombe huingizwa kwenye lori kwa mlango mpana kuliko huu. Mama angecheka kama angeweza kufungua mdomo. Aliingia akiwa amejikunja, nami nikafuata. Kiti cha nyuma kilikuwa na majimaji. Chumvi ilipenya kaptula yangu ikaanza kuniwasha. Vidirisha vya nyuma havikufunguka. Shemeji alirudi, akakisukuma kiti chake mahali pake, ta, akakaa, kisogo chake kikawa karibu sana na magoti ya mama. Aliisimamisha shingo kama mtu aliyebeba debe la maji kichwani.

Barabara ilikuwa mbaya. Shemeji alishusha kioo chake kila mara akatema nje, na upepo ukaturudishia sehemu yake.

"Mwambie mama anisamehe kwa hayo mashimo," alisema.

Mama hakufungua macho. "Mwambie aache kutema mate."

Sikuweza kumwambia mtu mzima neno kama hilo. Lakini masikio alikuwa nayo. Aliacha kutema, na kuanzia hapo akawa anameza kwa kishindo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Tulikuwa tumeanza kuteremka kuelekea mjini, ngano pande zote mbili, gari lilipoangukia shimo kubwa kuliko yote. Mama alifumbua macho. Akaweka mkono mdomoni na mashavu yake yakajaa. Kabla hajafanya lolote nilijua kwa harufu kwamba jipu lilikuwa limepasuka. Alinipiga gotini.

"Simama," nilisema. Injini ilikuwa na sauti kuliko mimi. Nilisema tena, na mara iliyofuata nilipaaza sauti, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mtu mzima.

Shemeji alisimama. Hakugeuka. Alielewa kwamba mama mkwe anataka kushuka kufanya jambo lisilofaa kuonekana na mkwe, kwa hiyo alifungua mlango, akaruka chini, akakimbilia katikati ya ngano akatupa mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Nilipenyeza mkono kati ya kiti na mlango nikavuta chuma. Mgongo wa kiti ulijikunja, kiti kikabaki palepale. Ile kulabu ya pili ilikuwa imeuma. Nilisukuma kwa goti, nikasukuma kwa bega.

"Shemeji, kiti."

"Ameshuka?" aliuliza, akizungumza na ngano.

"Hajashuka. Kiti hakiinuki."

"Vuta chuma."

"Nimevuta. Njoo wewe."

Alikuja kinyumenyume. Nikauona mgongo wake ukitujia, visigino vikitafuta barabara, mkono mmoja ukipapasa hewa nyuma yake. Ulishika mlango, ukashika usukani, ukashuka kutafuta kiti, ukashika mguu wa mama. Shemeji alichupa kama aliyemwagiwa maji ya moto, akasimama mbali akiushika mkono huo kwa mkono mwingine, kana kwamba umevunjika.

Mama hakuweza kungoja zaidi. Kitambaa cha kichwa asingeweza kukivua mbele ya mkwe. Alinishika vifundo vyote viwili vya mikono, akaviunganisha viganja vyangu, akainama. Ulikuwa wa moto. Hilo ndilo nililokuwa sitaki kulijua kabisa, kwamba usaha huwa wa moto kama chai. Ulikuwa wa manjano na kijani, una nyuzi za damu nyeusi, na mzito, na mwingi kuliko ambavyo mdomo wa mtu ungeweza kubeba. Alitema mara nyingine, na nyingine. Machozi yalinitoka kwa harufu tu. Sikusogea, maana ningesogea ungemwagika mapajani.

"Amefanya nini?" shemeji aliuliza.

"Ametema."

"Wapi?"

Nilimwambia tu ainue kiti. Alikuja tena kinyumenyume, safari hii polepole, akakishika kwa mkono wa nyuma akakitikisa mpaka kulabu ikaachia. Nilitoka kwa viwiko, viganja vimeungana mbele yangu, nikamwaga kando ya barabara. Nilijisugua kwa udongo, nikajisugua kwa majani ya ngano, nikajisugua kwenye shina la mti mpaka ngozi ikachubuka. Harufu ilibaki. Nilitamani kuikata mikono niiache pale.

Hospitalini tulipokelewa na dresa, mwanamume mwenye koti jeupe na haraka nyingi. Alimulika ndani ya mdomo wa mama, akajivuta nyuma kidogo. Alisema usaha kutoka wenyewe ni bahati, lakini jino likibaki utajaa tena, na safari hiyo utaziba koo. Lazima ling'olewe sasa hivi. Msaidizi wake hakuwepo, alihitaji mtu wa kumshikia kichwa. Alinitazama, akanusa, akanipita kwa macho mpaka kwa shemeji aliyesimama nje ya mlango.

"Wewe mwenye mabega. Njoo ushike kichwa."

"Siwezi," shemeji alisema. "Ni mama mkwe wangu."

"Hapa mimi sina mkwe, bwana. Nina jino."

"Hata ukinipiga."

Dresa alicheka kwa dharau, akauliza kama kwao wanawake hufa kwa adabu namna hii. Mama alikuwa ameshainuka kwenye kiti. Alikuwa anafunga kitambaa chake vizuri kichwani, kama mtu anayejitayarisha kwenda nyumbani, na nilijua angekwenda kweli.

"Nitashika mimi," nilisema.

Dresa alininawisha kwa dawa mpaka maji ya beseni yakawa kama ya mtaro. Kisha nilisimama nyuma ya mama, mkono mmoja kwenye paji lake la uso, mwingine chini ya taya, kichwa chake kimeegemea tumbo langu. Taya lilikuwa la moto, linabonyea kama tunda lililooza. Koleo lilipoingia, pumzi yote ya ule uozo ilinijia usoni. Jino lilipokatika kutoka mfupani sikulisikia kwa masikio, nililisikia tumboni mwangu, kama mtu ananivunja mimi. Mama alinikaba mkono. Dresa alilidondosha jino kwenye bakuli la chuma, na kwenye mzizi lilining'iniza kifuko kidogo cha usaha. Aliniletea karibu nikione, kana kwamba nilikuwa nimeomba.

Nilitoka nikatapika nyuma ya jengo. Shemeji alikuwa hapo anatema mate. Alivuta viatu vyake nyuma nisivichafue.

"Mwambie mama pole," alisema.

"Mwambie mwenyewe."

Alinikodolea macho. Nadhani alingoja niombe radhi. Nilikuwa nimechoka, ninanuka, na kinywani mwangu mlikuwa na uchachu, sikuomba. Alijifuta mdomo, akaenda akasimama nje ya mlango, akabandika bega ukutani mahali ambapo mama hangeweza kumwona.

"Mama," alisema, "pole."

Sauti ya mama ilitoka ndani, nzito kwa pamba aliyojazwa mdomoni.

"Asante, mkwe wangu. Gari lako linanuka."

Shemeji aliinamisha kichwa akasema ndiyo, mama, linanuka. Mama aliniita nimshike mkono. Tulitokea mlango wa pili ili wasikutane, tukaenda polepole kwa miguu kutafuta lori la maziwa kabla halijarudi shambani.