Breki Nilizoziahirisha

Wasomaji wenzangu, nashukuru ukurasa huu umekubali kunifichia jina. Nina miaka thelathini na sita, mke na watoto watatu. Ni dereva wa Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, huku chini upande wa Makanya. Bwana huyu anapenda mashindano ya magari. Amechonga njia ya mviringo tambarare, na gari lake la mbio mimi ndiye ninayelitunza na kulijaribu. Sijisifu, lakini kwa mwendo kasi wilaya nzima ya Same hanishindi mtu.

Mdogo wa kiume wa mke wangu akaniomba nimfundishe. Kila Jumapili, kwa ruhusa ya bwana, tulizunguka. Somo lenyewe la kasi ni breki: unapunguza mwendo gari likiwa bado limenyooka, ndipo unaingia kona. Yeye alitaka kuserereka tu, vumbi litimke, vibarua wapige makofi. "Shemeji, breki Jumapili ijayo. Leo tufurahi!" Nilicheka nikamwacha, maana nami nilizipenda zile shangwe. Jumapili ijayo ikawa miezi minne.

Akapata kazi ya lori la mfanyabiashara wa Same, kuteremsha maharage kutoka Mhezi, kule milimani. Safari ya tatu akatumbukia bondeni, akafa. Polisi walisema ni utelezi wa mvua. Nikapanda kutazama. Alama za breki zilianzia katikati ya kona. Kabla ya hapo hakugusa breki. Nilijua naitazama kazi yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye matope nikalia.

Sikumwambia mtu. Juzi baba mkwe ameteremka na kitinda mimba wake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, marehemu alikupenda sana. Huyu naye nakukabidhi, mfundishe kama ulivyomfundisha kaka yake." Mke wangu alifurahi hata akaimba jikoni.

Kwetu mkwe hakataliwi ombi hivi hivi, lazima utoe sababu. Na sababu yangu nikiitaja, mke wangu hatalala tena nyumbani kwangu. Nikikubali, sijiamini tena kumfundisha mtu. Sioni pa kutokea.

Jana kijana mwenyewe kanishika mkono: "Shemeji, tuanze na lile vumbi alilonisimulia kaka." Nimemwambia tungoje mvua zikatike. Zimeshakatika. Wenzangu, mngekuwa mimi, mngemjibu nini?