Damu Iliyokataa Kupanda

Kwa miaka miwili Otilia wa kijiji cha Msanzi hakupika pombe ya ulezi aliyozoea kuuza. Ulezi wake wote aliusaga uwe uji wa binti yake Herieth, kwa sababu kila alipopimwa zahanati waliambiwa damu ni kidogo, na tangu mwanzo mama mkwe alikuwa na maelezo yake.

"Ulezi unaishia kwenye mapipa yako ya pombe, mkamwana. Mjukuu wangu apate wapi damu?"

Otilia aliacha kupika, akaongeza uji, mchicha na vidonge vya madini ya chuma. Damu haikupanda. Herieth alipolia asubuhi kwamba magoti yamekaza, mama yake alimwambia aache uvivu, anywe uji aende shule.

Walipofika hospitali mjini Sumbawanga kwa rufaa ya zahanati, daktari hakuuliza habari za chakula. Aliyashika yale magoti yaliyovimba, akasoma majibu ya vipimo.

"Mama, huyu ana ugonjwa wa viungo wa watoto. Ukikaa mwilini muda mrefu, mwili huyafungia madini ya chuma. Uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, huyakosa hata umlishe gunia zima."

"Damu itapanda?"

"Tukiutuliza ugonjwa, itapanda. Ila goti la kushoto sidhani kama litanyooka tena. Mmechelewa."

Otilia alipompigia simu mama mkwe kumweleza, bibi alicheka. "Magoti ndiyo yanakula ulezi?"

Otilia alikata simu. Alikuwa anamtazama Herieth, ambaye hakuwa amelalamika tena tangu mwaka jana, siku ile alipoambiwa aache uvivu.