Liki za Mzee Raine

Wilf Raine alishamsamehe Mjapani aliyempiga risasi ya paja kule Burma. Shemeji yake ndiye aliyemshinda kumsamehe, na shemeji hakuwahi kumgusa hata kwa kidole.

Ugomvi ulikuwa wa liki. Wewe unayedhani liki ni majani ya supu tu, nyamaza kwanza. Kule Thornlaw, kijiji cha wachimba makaa kaskazini mwa Uingereza, liki ni kitunguu kisicho na kichwa, kinene kama paja la mtoto, na mwanamume anayejiheshimu hulea mbili zinazofanana kama mapacha tangu Januari mpaka mashindano ya Septemba. Nimewaona kwa macho yangu wanaume waliozika wenzao wa mgodini bila chozi, wakilia kwa sababu ya konokono. Mshindi ndiye wa kwanza kuchagua zawadi pale klabuni, kabati au kochi, na mkewe hutembea barabarani mwaka mzima kama malkia.

Na liki bingwa haitoki kwenye pakiti ya dukani. Unaiacha moja itoe ua, na juu ya ua vinaota vimche vyembamba kama nywele. Hivyo ndivyo unavyopanda. Kwa hiyo kila ukoo una liki zake kama ulivyo na pua zake, na baba humwachia mwana. Mzee Isaac Raine aliachiwa na baba yake. Wilf alikuwa mtoto wa kiume wa pekee. Nani angekuwa na wasiwasi?

Basi ikaja vita. Wilf akapelekwa Burma kulinda dola ya mfalme. Huko alilala handaki moja na askari wetu wa Tabora na Machakos, wakamfundisha kusema “pole pole”, akalitamka vizuri kabisa, ila kulitumia hakulitumia. Na wakati yeye anailinda dola huko nje, dola ikaingia kwao kwa mlango wa mbele. Ilivaa sare ya bluu ya jeshi la anga, ikaitwa Alvin Tulloch, fundi wa injini kutoka Jamaika, tena ilikaribishwa chai na Edie, dada yake Wilf mwenyewe.

Siku ya kwanza Mzee Isaac hakumsemesha. Siku ya pili akamuuliza kama anajua kushika koleo. Alvin alilelewa na bibi aliyelima viazi vikuu mlimani. Akavua koti, akashuka kwenye mtaro wa liki. Wilf aliporudi, amekonda, macho ya manjano kwa malaria, alikuta buti za mtu mwingine pale mlangoni zinapokaa buti zake, na baba yake amemwegemea mtu yule begani.

“Wilf, huyu ni Alvin. Anajua udongo.”

Kwa umri wake wote, Wilf hakuwahi kusikia baba yake akisema kwamba Wilf anajua chochote.

Alvin akamwoa Edie, akashuka mgodini kama wengine. Mwaka wa kwanza alipopeleka liki zake kwenye mashindano, klabu iliziruhusu liki kuingia, yeye akaambiwa asubiri nje. Mzee Isaac akatoka, akasimama naye kwenye mvua mpaka mwisho. Wilf alikuwa ndani, mkavu, bia mkononi, akiwatazama kupitia dirishani. Wengine waliona aibu. Wilf aliona wivu. Baba yake hakuwahi kulowa kwa ajili yake.

Kisha mzee akafa kwa vumbi la makaa kifuani. Wilf akapewa saa ya mfukoni. Liki akapewa Alvin.

Tangu hapo Wilf alilima kwa vimche vya kuazima kwa jamaa wa kijiji cha pili, na bustani yake ilitazamana na ya Alvin, uzio tu katikati. Alijua kila jani la upande wa pili. Akinywa chai, alinywa amesimama, uso kwenye uzio. Alvin akipiga mluzi, Wilf alitema mate: ulikuwa mluzi wa mzee, ule ule, na kile kituo cha kuvuta pumzi katikati!

Mwaka mmoja akaona pipa. Alvin alikuwa na pipa nyuma ya kibanda, limefunikwa gunia. Kila jioni alilifunua, akalikoroga kwa mti, akanusa, akatabasamu. Sasa, kila mkulima wa liki ana dawa yake ya siri. Huyu anamwagia bia, yule anachovya mfuko wa mavi ya kondoo. Na mwiko wao ni mmoja: dawa ya mwenzako huulizi. Hata ukifa nayo mashaka, huulizi.

Wilf hakuuliza. Jumapili, siku chache kabla ya mashindano, Edie na Alvin walipokwenda kanisani, aliruka uzio na ndoo zake. Paja lenye risasi likamuuma, hakulijali. Maji yale yalikuwa ya rangi ya kahawia, yana povu, yananukia ukali fulani. “Hii ndiyo iliyotoka kwa Baba,” akajiambia, na roho ikamkereketa zaidi kwamba baba aliificha. Akamwagia liki zake ndoo baada ya ndoo. Angekuwapo mtu wa Tabora pale, angemkumbusha lile neno.

Liki ikinyweshwa namna ile karibu na siku yake, hufanya kama mtu aliyekula pilau ya harusi mbili. Ijumaa asubuhi Wilf alikwenda kuzing'oa akakuta zimepasuka. Zote nene, zote nzuri, zote zimefunguka ubavuni kama shati lililokosa vifungo. Liki iliyopasuka haipandi mezani, hata ingekuwa ya askofu.

Alikuwa bado amepiga magoti Alvin alipochungulia juu ya uzio.

“Shemeji, umemwaga machozi au maji?”

“Nenda zako.”

Alvin akaruka uzio, akainama, akanusa udongo. Akanusa tena. Kisha akakaa chini palepale kwenye matope, akacheka mpaka kofia ikadondoka.

“Edie! Edie, njoo! Yule mwizi wetu wa tangawizi tumempata!”

Edie akaja na aproni yake. Akamtazama kaka yake, akazitazama liki. “Wilf, kile ni kinywaji cha sikukuu ya mavuno! Tangawizi, sukari na hamira. Juma zima ninawatukana watoto wa kanisa bure!”

“Nilidhani ni dawa ya Baba.”

“Baba hakuwa na dawa,” Edie akasema. “Baba alikuwa na maji na kisirani.”

Akaondoka. Alvin akaacha kucheka. Akaenda kibandani kwake, akarudi na ua la liki lililokauka, kubwa kama ngumi, limejaa vimche kama nywele za mzee aliyetoka kulala. Wilf alilijua kabla halijafika.

“Hili ni lako. Kila mwaka naacha moja itoe ua kwa ajili yako.”

“Na kila mwaka unalificha!”

“Mzee ndiye aliyesema. ‘Wilf nikimwachia ataona ni haki yake, atazilea kwa mkono mmoja. Mpe siku atakapoomba.’ Nikasubiri uombe. Badala yake umekuja na ndoo.”

“Basi nipe.”

“Huko ni kuomba?”

Wilf akatazama pembeni. Kule Burma alitambaa chini ya risasi kwa wepesi kuliko alivyolitafuta neno lile.

“Naomba,” akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

“Karibu, shemeji.”

Kesho yake Alvin alishinda. Wilf ndiye aliyembebea liki ya pili mpaka mezani, mikono miwili, kama mtoto wa kubatizwa, na aliyejaribu kuigusa alitukanwa. Edie akachagua kochi.

Januari vimche viliota kwenye dirisha la jikoni la Wilf, na mkewe akakatazwa kupika kabeji, eti mvuke. Septemba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, liki za baba yake zikasimama mezani kwa jina lake. Akawa wa pili. Wa kwanza unamjua.

“Hongera, shemeji,” Alvin akasema. “Mzee angefurahi.”

Wilf akaishika saa mfukoni, akazitazama zile liki mbili mbili, ndugu wa tumbo moja, akazilinganisha kwa jicho la mwenye duka la nyama.

“Ulinipa zilizo dhaifu,” akasema.