Jiwe la Kijani Lililotoa Damu Kanisani

Nichekeni tu, maana hata mimi Jumapili ile nilirudi nyumbani nikikatiza kwenye mahindi ya watu ili nisikutane na mtu barabarani. Na chanzo ni wivu, sina cha kusingizia.

Nang'arisha mawe kwenye duka la vinyago hapa Karatu. Nilikuwa nampenda Yustina, tunaimba naye kwaya, msichana anayeumwa kichwa kila wiki, na nilikuwa najipanga taratibu (taratibu mno, mwaka wa pili ule) mpaka akarudi Emanueli kutoka chuo alikosomea miamba, naye akaingia kwaya. Jumamosi moja baada ya mazoezi nikamkuta anamwonyesha Yustina sampuli yake ya chuo, lile jiwe la Longido la kijani lenye mabaka mekundu, anamweleza kwamba kijani ni zoisaiti, wekundu ni rubi, na vyote vilipikwa pamoja chini kabisa ya ardhi, kwa joto na kukandamizwa, wakati volkano ya Ngorongoro bado haijazaliwa. Yustina kamkazia macho. Hayo yote mimi nayajua, nawaambia wageni kila siku, ila hakuna aliyewahi kunisikiliza vile. Roho iliniuma, nisiwafiche.

"Tena linaponya kichwa," nikadakia. "Unalifunga kwenye paji la uso, linavuta maumivu." (Wageni ndio wananiambiaga, kwao kila jiwe ni dawa ya kitu.)

"Hilo halijathibitishwa, kaka," Emanueli akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma zaidi.

Lakini Yustina akanigeukia. "Kaka Paskali, unaweza kunipatia?"

Mimi ananiita kaka, mwenzangu Emanueli anamwita Ema. Bado nikajibu kwamba kesho kabla ya ibada analo.

Kufika dukani, yenye rubi yameisha. Kimebaki kipande cha kijani kitupu. Ningesema ukweli angesubiri wiki moja tu, ila wiki moja na Ema pembeni niliiona ndefu, basi nikamwendea mama wa Kimasai anayeuza shanga nje ya duka letu, nikamwomba ule udongo mwekundu wanaojipaka morani, uliokandwa na mafuta ya kondoo. Nikatoboa vishimo kwenye jiwe, nikashindilia udongo, nikafuta. Likapendeza kuliko la Ema.

"Hiyo inayeyuka kwa joto," mama akanionya.

Nikamwambia anapelekewa mtu wa kanisani, sio wa jikoni.

Jumapili Yustina alikuja kichwa kinamgonga, akalifunga jiwe kwenye paji chini ya kitambaa cheupe cha kwaya. Kanisa limejaa, jua linawaka juu ya bati, na wimbo wenyewe ni wa kucheza. Ubeti wa pili mstari mwekundu ukachungulia chini ya kitambaa, ukashuka puani, ukadondokea blauzi nyeupe. Mama mmoja akasimama. "Jamani, mtoto anatoka damu."

Kinanda kikanyamaza. Wakamlaza kwenye benchi, huku wanaomba, huku wanatafuta gari la hospitali, na mimi niliyejua nikakaa kimya (aibu yangu halisi ni hapo, sio kwingine). Emanueli akafungua kitambaa, akagusa ule wekundu, akanusa.

"Sio damu. Ni mafuta ya kondoo."

"Nani kampa?" mzee wa kanisa akauliza.

Yustina akainuka, akafinya macho kunitafuta, nami nimesimama hatua chache tu kutoka kwake. "Kaka Paskali."

Watu walicheka mpaka mchungaji akainamisha uso. Emanueli peke yake hakucheka. "Yustina, mbona unafinya macho hivyo? Humwoni vizuri?"

"Namwona kama ukungu."

Wiki ile akampeleka kupima macho. Alihitaji miwani tu, na kichwa kikatulia. Miaka miwili namtazama akisogeza kitabu cha nyimbo mpaka puani, nikaona ni mapozi ya kuimba.

Mwezi uliofuata alikuja dukani na miwani yake, Ema anamsubiri nje. Akaniwekea jiwe mezani, kaliosha, kijani kitupu.

"Kaka Paskali, mbona lilikuwa zuri hivi hivi? Ungeniletea tu hivi."

Nikaliweka dirishani. Liko hapo mpaka leo. Mgeni akiuliza linaponya nini, namwambia haliponyi kitu, na haliuzwi.