Sitini na Nane Ukutani

Mtaani walimwita Gramu, na wengi walikuwa wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa miaka hamsini na mmoja mwenye tumbo la kuheshimika, na jina lile lilimpata kwa sababu ya wazimu wake wa kupima kila kitu. Ukimpelekea pedeli mbovu, kabla hajauliza ina nini, ataiweka kwanza kwenye mizani ndogo ya jikoni iliyokaa juu ya meza yake ya kazi. "Gramu mia mbili na ishirini," anakuambia, utadhani ndicho ulichokuja kuuliza. Watu walimcheka, lakini kazi yake ilikuwa safi, kwa hiyo hawakwenda kwingine.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Chumba cha pili kilikuwa cha mke wake, fundi cherehani, na kati yao palikuwa na pazia tu, tena fupi, miguu ya huku ikiona miguu ya kule. Tangu enzi za uchumba wao walikuwa wakiitana fundi. Mteja akisimama mlangoni akaita "Fundi!" anaitikiwa na sauti mbili, na hapo ndipo inabidi aseme kama amekuja na suruali au na gurudumu.

Sasa, huyu Gramu alikuwa na deni la moyoni na mlima. Nyuma ya mji kulikuwa na mlima wenye mnara wa simu kileleni, na kila Jumamosi asubuhi wateja wake walikuwa wakiupanda kwa baiskeli alizozitengeneza kwa mikono yake. Yeye hakuwahi kufika juu bila kushuka na kusukuma. Alijiambia kwamba shida ni baiskeli, nzito mno. Mke wake alikuwa na maoni mengine.

"Punguza tumbo, fundi," alimwambia kutoka nyuma ya pazia. "Hilo halihitaji spana."

Basi mwanzoni mwa mwaka ikaja fremu. Aliikuta kwa muuza baiskeli za mtumba, imetupwa chini ya rundo la magurudumu yaliyopinda: fremu ya alumini, ya baiskeli ya milimani, rangi ya kijani imebabuka, na kibonyeo kimoja kwenye bomba la juu. Aliinyanyua kwa vidole viwili na roho yake ikatulia. Akarudi nayo nyumbani begani akiwa amesahau kabisa kilichompeleka kule.

Ubaya wa fremu nzuri ni kwamba inakudai vitu vizuri. Alianza kwa kuifunga na vifaa alivyokuwa navyo, ili ajue anaanzia wapi, na hapo likazuka suala la kuipima. Mizani ya jikoni haikuzidi kilo tatu. Ile ya kupimia watu, ya namba, ambayo mke wake aliinunua zamani na kuisukumia uvunguni, ilikomea kilo mia moja. Gramu mwenyewe alikuwa tisini na nne. Akisimama na baiskeli mkononi, mizani inaandika mistari mitatu na kunyamaza.

"Hata mizani imekataa," alisema mke wake, akicheka mpaka akakaa chini.

Ikabidi asimame yeye. Jumapili ile, baada ya chai, alisimama kwanza peke yake, na Gramu akapiga magoti kusoma: sitini na nane. Akachukua chaki akaiandika ukutani, juu ya ubao wa spana. Mke wake akalalamika kwamba uzito wa mke wa mtu hauandikwi ukutani wateja wakausoma, lakini hakuufuta. Kisha akapanda tena akiwa ameishika baiskeli. Themanini na mbili na nukta nane. Toa sitini na nane, inabaki kumi na nne na nukta nane.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba. Wiki nzima Gramu anapunguza, Jumapili mke wake anapanda mizani, mume anapiga magoti, anatoa sitini na nane, anaandika kwenye daftari. Aliondoa uma wa mbele wenye springi, akaweka wa alumini mtupu. Kwenye gia tatu za mbele akabakiza moja. Bomba la kiti akalikata pale lilipozidi. Rangi aliikwangua yote kwa msasa, kwa sababu hata rangi ni mzigo. Tairi, tyubu, pedeli, vyote vikabadilishwa, na kila kilichotoka kikapimwa kwenye mizani ya jikoni kabla ya kutupwa kwenye sanduku.

Na baiskeli ikawa inapungua kweli. Ilipungua hata kuliko alivyoipunguza. Jumapili moja alikuwa ametoa kengele na kikingio cha cheni, gramu mia tatu kwa jumla, na mizani ikasema zimeondoka mia saba. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Gramu alijiuliza, na akaamua kwamba mizani ya jikoni ndiyo mwongo. Akaibadilishia betri. Akaipiga kofi. Mwishowe akaamua kuiamini ile iliyokuwa ikimfurahisha, na hilo tusilicheke sana, maana sote tumewahi kulifanya.

Siku hizo, kule nyuma ya pazia, mke wake alikuwa akibana magauni. Gramu aliyaona kwa macho yake. Lile la bluu, lile la maua, lile la kwenda nalo harusini: yote yalipita chini ya sindano moja baada ya jingine.

"Unabana ya nani?" aliwahi kuuliza.

"Ya kwangu. Yamelegea."

"Vizuri," alisema Gramu, na akarudi kwenye spoki zake.

Jumapili ya kumi na saba mizani ilisoma sabini na sita na nukta tatu. Baiskeli, kilo nane na nukta tatu. Gramu alimshika mke wake kiunoni na baiskeli yake akawazungusha wote wawili, na mke wake akacheka kwa pumzi fupi, akaomba ashushwe. Kesho yake fundi akawatangazia wateja wake. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, mpanda mlima wa kila Jumamosi, mwenye baiskeli ambayo hakuna mtaani aliyethubutu kuuliza bei yake, aliinyanyua ile ya Gramu mara moja na kuirudisha chini.

"Hii siyo nane, Gramu. Ya kwangu ni kumi, na hii ni nzito kuliko ya kwangu."

"Mwalimu, nimepima mwenyewe."

"Basi twende tukapime tena."

Wakaenda duka la nyama la jirani. Muuza nyama akafuta ndoano, baiskeli ikaning'inizwa palipokuwa pakining'inia paja la ng'ombe, mshale ukacheza ukatulia. Kumi na moja na nukta tisa. Gramu akasema mizani ni mbovu. Muuza nyama, ambaye angeweza kusamehe matusi mengine yote isipokuwa hilo, akatundika jiwe lake la kilo mbili, na mshale ukaenda kwenye mbili bila kupepesuka.

"Yako ya nyumbani ndiyo mbovu," alisema. "Chukua jiwe, kaipime."

Gramu alirudi nyumbani na baiskeli mkono mmoja, jiwe mkono wa pili. Alipanda mizani peke yake: tisini na nne. Akapanda na jiwe: tisini na sita. Akashuka, akapanda tena: tisini na nne, tisini na sita. Mizani ilikuwa nzima. Alisimama akitazama namba ya chaki ukutani, na polepole, kama mtu anayelazimishwa kusoma barua asiyoitaka, akafanya hesabu kwa upande wa pili. Sabini na sita na nukta tatu. Toa kumi na moja na nukta tisa.

Akafunua pazia. "Fundi, njoo usimame kidogo."

"Leo siyo Jumapili."

"Njoo tu."

Mke wake aliweka mkasi chini, akaja, akanyoosha mikono kupokea baiskeli.

"Bila baiskeli," alisema Gramu.

"Bila?"

"Peke yako."

Hakupanda mara moja. Alimtazama mume wake, akavua kandambili, akapanda. Sitini na nne na nukta nne. Kilo tatu na nusu na ushee, na katika miezi minne ile haikumjia Gramu hata siku moja kumpima peke yake. Ukutani palikuwa pameandikwa sitini na nane, na alichoandika mwenyewe hakuwa na shaka nacho.

"Nilijua siyo baiskeli," alisema mke wake, bado amesimama pale juu. "Ninashika tepu kila siku, nisijue kiuno changu?"

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani kitapita. Halafu ulikuwa unafurahi sana Jumapili."

Gramu aliona aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Alitamani mke wake amkaripie, lakini yeye alishuka, akavaa kandambili, akauliza kama atakunywa chai.

Jioni hiyo alikaa na daftari. Mizani ya jikoni, masikini, ilikuwa imesema kweli muda wote, kwa hiyo aliweza kuijenga upya baiskeli kwenye karatasi, Jumapili kwa Jumapili, kifaa kwa kifaa, na kilichobaki kila safari kilikuwa ni mke wake. Alipata namba kumi na saba. Zote zilikuwa zikishuka.

Hospitali walizungushwa wiki tano, chumba hiki na kile, benchi hili na lile. Daktari, mwanamke mpole aliyekuwa na kalamu mbili mfukoni na bado akaomba ya kuazima, aliuliza swali moja ambalo wagonjwa wengi hulijibu kwa kukadiria.

"Mama, ulianza kupungua lini?"

Mke akamtazama mume. Gramu akatoa daftari. Daktari alisoma kurasa mbili, akapunguza mwendo, akarudia.

"Mzee, haya yametusaidia sana. Hakuna anayetuletea kumbukumbu kama hizi. Ulikuwa unampima kila wiki?"

"Nilikuwa napima baiskeli," alisema Gramu.

Ulikuwa uvimbe wa tumboni. Hawakuweza kuukata, wangeudhibiti kwa dawa ya dripu kila baada ya wiki tatu, na wakati huo mama ale, ale chochote kitakachokaa. Asishuke chini ya hamsini na nane, alisema daktari. Akishuka, dawa itasimamishwa, kwa sababu mwili hautaihimili. Siku ile alikuwa sitini na moja.

Hapo ndipo Gramu alipoona ufundi wake wote hauna kazi. Kupunguza alikujua. Mletee kitu chochote, atakuonyesha pa kukata, pa kukwangua, pa kutoboa. Kuongeza hakukujua kabisa. Alipika uji mzito, akasagia ndizi ndani, akatia maziwa na mafuta, akampelekea kwa kijiko, na mke wake alimeza vijiko vinne kwa ajili yake na kimoja kwa ajili ya amani. Baada ya saa moja vyote vilirudi kwenye beseni. Gramu aliliosha beseni, akarudi jikoni, akaanza tena.

Jumamosi moja mke wake alimfukuza nyumbani. "Nenda kapande mlima wako. Sikusimama kwenye mizani miezi yote ile ili baiskeli itundikwe ukutani." Akaenda. Baiskeli ilikuwa nyepesi kweli, kumi na moja na nukta tisa za halali, na ilimpandisha kuliko alivyowahi kupanda. Alipofika katikati, miguu bado ina nguvu, alishuka akakaa juu ya jiwe. Mwalimu wa hesabu alipompita aliuliza kama cheni imekatika. Akasema ndiyo.

Jumapili ziliendelea. Baada ya chai mke anapanda mizani, mume anapiga magoti. Sitini na nukta tatu. Hamsini na tisa na nukta nne. Hamsini na nane na nukta saba. Ile sitini na nane ya ukutani Gramu alishaifuta kwa kitambaa chenye maji, lakini chaki iliacha kivuli, na ukisimama pembeni unaisoma.

Jumapili ya kabla ya dripu ya nne mke wake alikuja mwenyewe bila kuitwa. Alivaa gauni jipya, pana, alilolishona wiki ile kidogo kidogo, akipumzika kila mshono. Alipanda polepole, mkono mmoja umeshika paja.

Hamsini na tisa kamili.

Gramu alisoma mara mbili. "Umepanda," alisema. "Fundi, umepanda gramu mia tatu."

"Si nilikwambia uji unakaa."

Alicheka, akainuka kufuata daftari, akachukua kalamu iliyokuwa chini ya ubao wa spana. Ubao ule alikuwa na uwezo wa kuuona akiwa amefumba macho: kila spana na msumari wake. Msumari wa mwisho upande wa kulia ulikuwa mtupu. Hapo hutundikwa spana kubwa ya chuma, na uzito wake aliujua kama anavyojua umri wake. Gramu mia sita na kumi.

Hakugeuka haraka. Alipogeuka mke wake alikuwa bado juu ya mizani, akimtazama, na upande mmoja wa gauni lile jipya ulikuwa umevutwa chini, palipokuwa na mfuko wa ndani ulioshonwa kwa nyuzi mbili mbili. Fundi yule hakuwahi kushona mfuko usiokaa sawa.

"Unaandika?" aliuliza.

"Naandika."

Akaandika hamsini na tisa. Akamwonyesha. Mke wake akaitikia kwa kichwa kama mteja aliyeridhika, akashuka, akapita karibu na ubao akielekea chumbani kwake, na Gramu akainama juu ya daftari mpaka aliposikia pazia limerudi mahali pake.

Kesho asubuhi hospitali watampima kwa mizani yao. Hilo walilijua wote wawili. Gramu alikwenda kwenye ubao, akanyoosha mkono kwenye msumari wa mwisho. Spana ilikuwa imerudi, na ilikuwa bado na joto.