Dodo la Sajenti Okullo

Sajenti mstaafu Okullo hakumpenda mtu wa kumkaripia mbele za watu, na musawo Zulaikha, muuguzi wa kliniki moja upande wa Nakasero, hakujua kusema bila kukaripia.

"Damu yako bado naganda! Afande, wewe hapana meza dawa."

Miaka yote ile ya upolisi, leo aitwe mwongo mbele ya benchi zima la wagonjwa! Dawa aliimeza kila jioni, wima, kama yuko gwaride. Hakuuliza inafanyaje kazi. Kambini, muuliza maswali alikuwa mkaidi. Walisema meza, akameza. Wakapandisha dozi, akameza. Mguu bado ulikuwa umevimba, na daktari alishamwonya kwamba bonge la damu likipanda mapafuni, atakufa.

"Mimi nameza!" akafoka. "Nyinyi natoa damu ya kupima, bibi yangu narudisha! Napika dodo wiki mzima!"

Ndivyo wafanyavyo kwao Makindye: ukitolewa damu, unairudisha kwa mchicha, hilo dodo lenyewe. Mkewe Rahmah alilipika kwa karanga, akamsimamia mpaka bakuli likauke. Okullo alikwisha kulichukia, lakini alikula.

Zulaikha akaweka kalamu chini. "Dodo wiki mzima? Acha. Acha leo leo. Mwingine aingie!"

Amri nyingine, ya kutupiwa vivi hivi. Okullo akashika kiti kwa mikono miwili.

"Kwa nini?"

"Fanya tu, mzee. Watu nangoja."

"Wangoje. Mimi hapana toka."

Basi Zulaikha akamweleza, midomo kaibinua. Mboga zile husaidia damu kuganda, dawa huizuia isigande, na wao walikuwa wakipandisha dozi kushindana na sufuria ya Rahmah bila kujua. Sasa akiziacha ghafla, na dozi iko juu hivi, anaweza kuvuja damu mpaka... Hapo sauti ikamfifia. Ilibidi ale kiasi kile kile kila siku, akasema polepole, na dozi ipimwe upya.

Maelezo yote hayakuzidi muda wa kufunga kamba za buti. Okullo alimkodolea macho, na chuki aliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa mzaha mbele ya hii.

"Kumbe wewe najua," akasema. "Siku yote wewe najua, na hapana ambia mimi."